Tulikwenda Dar kutafuta vitenge, tukarudi na hesabu ya vitabu

Majuma matatu hamkutuona mkutanoni kwa sababu tulikuwa safarini, wamama wanne. Njia mnaijua: kutoka Kalemie tunavuka ziwa mpaka Kigoma, kisha gari-moshi karibu siku mbili mpaka Dar es Salaam, kununua vitenge Kariakoo. Safari hii tulibeba kitu kingine: daftari la mwenzetu.

Ndani yake ameandika hadithi alizopewa na bibi yake wakati wa kuanika ndagala. Watoto wetu wanazipenda. Mwenzetu alikuwa ameomba pesa ya likelemba achape vitabu 1,000, aifanye kuwa kazi yake. Wengine walikubali, wengine walinung'unika. Tukasema: twende kwanza tuwaulize wenye kazi hiyo.

Tulipomaliza Kariakoo, tulitembea kwa miguu mpaka barabara ya Samora, kwenye duka la vitabu la TPH. Tulisimama mbele ya vitabu vya watoto vya Kiswahili, tukasoma mpaka miguu ikauma. Sungura tulimwona, fisi tulimwona. Mtoto wa Kalemie anayemngoja baba yake atoke ziwani, huyo hatukumwona.

Pale tulisikia habari za Mama Elieshi Lema. Aliwahi kusahihisha maandiko ya wengine katika nyumba ya vitabu. Baadaye yeye na mwanamke mwenzake, Demere Kitunga, walianzisha nyumba yao, E & D, naye akawaandikia watoto Safari ya Prospa. Kumbe kazi hii ina milango mingi, si kuandika tu.

Tulisikia pia juu ya Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza Tanzania mwaka 1991. Mchapishaji alichapa nakala 5,000, na mradi ukanunua 3,000 kwa ajili ya shule. Mnunuzi alijulikana kabla ya mashine kuwaka.

Tulipiga hesabu pale pale. Mara nyingi mwandishi anapata karibu asilimia 10 ya bei. Kitabu cha dola 2 kinampa senti 20. Vitabu 1,000 vikiisha vyote, ni dola 200. Mwenzetu alinyamaza. Tulimhurumia, lakini afadhali kunyamaza Dar kuliko kulia nyumbani na makartoni ya vitabu chini ya kitanda, na likelemba imekwisha.

Ndani ya gari-moshi alitoa daftari akawasomea watoto wa wasafiri wengine. Hadithi mbili ziliwachosha, akazipigia mstari. Ya tatu, mtoto mmoja alikataa kulala mpaka aambiwe mwisho. Hiyo ndiyo tutaanza nayo.

Shauri letu ni hili. Pesa ya likelemba ibaki. Tutoe fotokopi 40 za hadithi hiyo moja, na kila mama aahidi kununua moja na kuisoma nyumbani. Zikiisha, tutakwenda kwa walimu na parokia tukiwa na majina ya wanunuzi mkononi. Mwenzetu ataendelea kuuza ndagala huku anaandika. Na akipata mchapishaji anayemwomba yeye alipe kwanza, asitie sahihi kabla ya kutuonyesha karatasi.

Siku ya posho mje na watoto. Hadithi itasomwa, na wao ndio watakaoamua.