Kumrudi Mtoto

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii tumeitumia katika insha zetu tangu shule ya msingi, hata imekuwa kama chumvi: hakuna insha ya malezi isiyonyunyiziwa. Lakini je, umewahi kuketi ukaitazama vizuri? Inamtaja mama, inautaja ulimwengu. Baba yuko wapi?

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lugha yetu tukufu ya Kiswahili ina neno ambalo sisi wanachama wa chama hiki twapaswa kulichunguza, nalo ni "rudi". Kurudi ni kurejea ulikotoka. Tena kumrudi mtu ni kumwadibu, kumkanya, kumtia katika njia nyoofu. Biblia zetu za Kiswahili zinalitumia neno hilo hilo zinapoeleza jinsi Mungu anavyowaadibu wanawe. Nami naamini maana hizi mbili ni ndugu wa toka nitoke: mzazi hawezi kumrudi mtoto kama yeye mwenyewe hajarudi nyumbani.

Sisi wa hapa Lugulu tunaijua barabara hii itokayo Webuye kwenda Kitale. Kila asubuhi inawachukua akina baba na kuwapeleka mbali: Eldoret, Nakuru, Nairobi, Mombasa. Wanakwenda kututafutia karo, na Mungu awabariki. Nyumbani anabaki mama, shamba, ng'ombe na watoto. Na mtoto akikosa, utasikia sentensi moja ambayo nadhani kila mmoja wetu ameisikia: "Ngoja baba yako aje!"

Nyumbani kwetu sentensi hiyo ilikuwa na daftari lake.

Baba ni dereva wa lori. Hupakia mizigo Mombasa, akapanda nayo mpaka Malaba, na mara nyingine huvuka mpaka hadi Kampala. Kwa mwezi twamwona mara mbili, tukibahatika mara tatu. Mama alikuwa na daftari la kurasa tisini na sita. Upande wa mbele aliandika madeni ya dukani na hesabu ya maziwa. Upande wa nyuma aliandika makosa yetu. "Jumanne, amekataa kuchota maji." "Ijumaa, amemtukana dada yake." Hakuwa akituchapa, wala hakuwa akitukemea sana. Alitoa kalamu, akaandika, kisha akasema, "Sawa. Ngoja baba yako aje."

Baba alikuja na mikate miwili na sukari. Alioga, akala ugali wake kwa mboga, akauliza habari za ng'ombe. Kisha daftari likaletwa na mshipi ukatoka kiunoni. Mwenye kosa la siku kumi na mbili zilizopita alikuwa ameshalisahau, na baba naye hakuwepo lilipotendeka. Alisoma, akapiga, akaenda kulala kwa uchovu. Alitupiga kama mtu anayelipa deni la mtu mwingine. Alfajiri alikuwa amekwisha ondoka. Sisi tulibaki na mikate na alama za mshipi, na kwa kweli hatukujua tumshukuru au tumwogope.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa darasa la saba alipopoteza kitabu cha shule. Aliogopa kusema, maana alijua kitaandikwa daftarini. Basi akachota gorogoro sita za mahindi ghalani, akaziuza sokoni ili anunue kitabu kingine. Mama aligundua kabla kitabu hakijanunuliwa. Hakuuliza neno. Aliandika tu: "Ameiba mahindi, gorogoro sita." Mdogo wangu alisimama mlangoni akimtazama akiandika. Siku mbili baadaye baba alipiga simu kwamba amepita Eldoret, na jioni ile atakuwa nyumbani. Alipofika na mikate yake, kitanda cha mdogo wangu kilikuwa kitupu.

Msomaji, siku tisa si nyingi ukizihesabu kwenye kalenda. Zihesabu mama akiwa hali, na kila pikipiki ikisimama njiani anakimbilia nje. Baba aliegesha lori, akamtafuta Webuye, Misikhu hadi Bungoma. Kanisani waliomba. Siku ya tisa mjomba, ndugu yake mama, alimkuta Kitale. Alikuwa akibebea wachuuzi magunia ya kabeji, na usiku alilala kwenye baraza la duka pamoja na chokoraa wengine. Miguu ilikuwa imevimba. Ulimwengu ulikuwa umeshaanza kumfunza kama methali inavyosema, na ada ya shule hiyo ni ghali.

Mjomba hakumleta siku ile ile. Alikaa naye kwake siku mbili, akamlisha, akamsikiliza. Kwetu mjomba ana heshima kubwa. Kijana wa Kibukusu anapoingia jandoni, sharti aende kwa wajomba zake kabla ya kukikabili kisu. Kwa hiyo mjomba alipoingia na kuomba wazazi waketi, waliketi. Alimwambia baba:

"Shemeji, mtoto huyu nimemuuliza swali moja tu. Nimemuuliza kwa nini uliuza mahindi. Wewe umewahi kumuuliza?"

Baba hakujibu. Sisi ni wa Kanisa la Marafiki, na kimya si kitu kigeni kwetu, kwa kuwa katika ibada twaweza kuketi kimya tukimngoja Mungu. Lakini kimya cha siku ile kilikuwa kizito kama gunia la mbolea. Ndipo mdogo wangu akaeleza habari za kitabu, na mama akaanza kulia.

Mjomba alifungua Biblia, Wafalme wa Kwanza, mlango wa kwanza, mstari wa sita. Hapo tunasoma habari za Adoniya, mwana wa mfalme Daudi, aliyetaka kujitawaza baba yake akiwa bado hai. Mwandishi anaeleza kwamba baba yake hakuwa amemsumbua hata siku moja kwa kumwuliza ni kwa nini alitenda alivyotenda. Daudi huyu ndiye aliyemwangusha Goliathi! Ndiye aliyeshinda vita na kutunga zaburi. Lakini nyumbani mwake Amnoni alimharibu Tamari, na Biblia yasema Daudi alikasirika sana. Haisemi kwamba alimwita Amnoni akamhukumu. Absalomu akangoja miaka miwili, akamwua Amnoni. Baadaye Absalomu akamwasi baba yake, akafa vitani. Mfalme aliyetawala taifa zima alishindwa kuuliza swali moja sebuleni mwake.

Yuko na kuhani Eli. Wanawe Hofni na Finehasi walinyang'anya watu nyama ya sadaka na kufanya uchafu mlangoni pa hema. Eli aliwakemea, ndiyo, lakini tayari alikuwa mzee sana, nao walikuwa watu wazima wasiosikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Hukumu ya Mungu juu yake ilikuwa kwamba alijua uovu wa wanawe na hakuwazuia. Wote wawili wakafa siku moja, na Eli akaanguka kitini akafa, umri wake miaka 98. Samaki hukunjwa angali mbichi; Eli alitaka kumkunja akiwa mkavu.

Basi asidhani mtu kwamba ninasema watoto waachwe wafanye wapendavyo. La hasha! Mcha mwana kulia hulia yeye. Mithali 13:24 yatufundisha kwamba mzazi asiyetumia fimbo hampendi mwanawe. Wengi wetu tukiusikia mstari huo tunaona kiboko tu. Lakini fimbo katika Kiebrania cha Mithali ni neno lile lile lililotumika katika Zaburi ya 23, pale mwimbaji anaposema kwamba fimbo ya mchungaji wake humfariji. Je, kondoo afarijiwe na kitu kinachomvunja mbavu? Mchungaji hutembea na fimbo yake pamoja na kundi, mchana na usiku. Humfukuza fisi nayo, humrudisha kondoo njiani nayo. Mchungaji anayekuja mara mbili kwa mwezi, akachapa kondoo wote, kisha akaondoka, huyo hatuwezi kumwita mchungaji. Paulo naye, katika Waefeso 6:4, anawageukia akina baba kwa jina lao, akiwaonya wasiwachokoze watoto wakajaa hasira, bali wawalee katika maonyo ya Bwana. Wanaotufundisha kwamba watoto watii wazazi hutuishia mstari wa tatu. Tafadhali wasome na wa nne!

Nawasikia wengine wakisema, "Shida ni shule. Tangu kiboko kipigwe marufuku mwaka 2001, watoto wameota pembe." Tutazame historia bila jazba. Mwezi wa Julai 1991 wavulana wa St. Kizito kule Meru walivamia bweni la wasichana, na wasichana 19 wakapoteza maisha. Mwaka 1999 viranja wanne wa Nyeri High waliteketezwa na wanafunzi wenzao. Machi 2001 wavulana 67 waliangamia katika moto wa bweni la Kyanguli, Machakos. Wakati huo wote bakora ilikuwa bado inaruhusiwa shuleni. Na baada ya kuondolewa, mwaka 2017, wasichana kumi wa Moi Girls, Nairobi walikufa katika moto wa bweni. Kwa hiyo kiboko hakikuzuia msiba kilipokuwepo, na kutokuwepo kwake peke yake hakutoshi kueleza msiba. Tatizo limelala mahali pengine, na mimi naona limelala sebuleni.

Siku ya kufungua shule utamsikia mzazi akimwambia mwalimu, "Mtoto ni wako, mnyooshe." Mwalimu ana watoto zaidi ya arobaini darasani. Ana silabasi, ana madaftari ya kusahihisha. Atawanyoosha wangapi? Mwalimu ni msaidizi wa mzazi. Hawezi kuwa badala yake. Hata sheria imeliona jambo hili. Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 53, yasema mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Ibara ya 29 nayo inakataza adhabu ya kupigwa. Kumbe methali imtaje mama, lakini Katiba na Waefeso vimemtaja baba pia.

Utaniuliza, je, mdogo wako hakuadhibiwa? Aliadhibiwa, tena sawasawa. Jumamosi mbili alimlimia jirani shamba, na ujira ukalipa mahindi. Kisha ilimbidi amweleze mwalimu wake wa darasa kwa kinywa chake kwamba kitabu kilipotea. Lakini safari hii baba alimwomba tajiri wake ruhusa ya siku moja, akavaa koti lake la Jumapili, akafuatana naye hadi shuleni. Walipokuwa wakirudi niliwaona wakitembea polepole, baba akiongea, mtoto akiongea. Sijui walisema nini, na sikuuliza.

Tangu hapo mama hangoji mtu. Kosa la asubuhi huamuliwa asubuhi: unaulizwa, unajibu, unapewa kazi ya kurekebisha ulichoharibu, na jua likitua mambo yamekwisha. Baba hupiga simu saa mbili usiku, awe Mtito Andei au Salgaa, na simu huzunguka kwa kila mtoto. Huuliza umefanya nini leo, na kwa nini. Usidhani ni rahisi kumdanganya! Anakumbuka ulichosema juzi. Upande wa nyuma wa lile daftari siku hizi una hesabu ya kuku.

Hata hivyo sitaki kuwapa hadithi ya peremende. Kidonda hupona, kovu hubaki. Lori likifunga breki pale barabarani, mdogo wangu bado huinua kichwa na kusikiliza, hata kama baba yumo ndani anakunywa chai. Wazazi wetu wapendwa, msomao gazeti hili siku ya kututembelea, likumbukeni hilo. Mtoto anayejificha akisikia hatua zako hajawa na adabu. Amejifunza kujificha tu, na iko siku atajificha mahali usipoweza kufika.

Kwenu wanafunzi wenzangu, nanyi msinielewe vibaya mkaenda nyumbani mkawaambia wazazi, "Katiba inasema!" Anayeulizwa "kwa nini" ana deni la kujibu kweli. Mzazi akirudi kwako, nawe rudi kwake. Na sisi tutakaokuwa akina mama na akina baba kesho, Mungu akitujalia, tukumbuke kwamba mkate haumwulizi mtoto swali, na mshipi hausikii jibu. Kazi hiyo imeachiwa sisi wenye masikio.

Kalamu yangu inatua hapa. Kiswahili kitukuzwe!