Fidla haichagui umri

SAMAKI mkunje angali mbichi. Methali hiyo niliambiwa na watu wasiopungua watano nilipotangaza kwamba nimenunua fidla na nimenuia kujifunza kuipiga. Nilikuwa na umri wa miaka 34, mama wa watoto wawili, mpangaji katika ghorofa ya tatu mtaani Umoja, na ala ya pekee niliyokuwa nimewahi kuishika maishani ilikuwa kayamba katika kwaya ya shule ya msingi. Shemeji yangu alicheka hadi akatokwa na machozi. "Fidla ni ya watoto wa matajiri," alisema, "nao huanza wakiwa na miaka minne!"

Msomaji, leo nimetimiza miaka miwili nikiwa mwanafunzi wa fidla. Sijapiga mbele ya umati wala sitarajii kulipwa hata senti. Hata hivyo, ni mambo machache yaliyonifaa mimi na jamaa yangu kuliko jioni hizo za kukwaruza nyuzi.

Kwanza, wanaodhani fidla ni jambo la kigeni kabisa hawajatazama nyumbani. Ni kweli kwamba umbo lake tulijualo lilipatikana kaskazini mwa Italia, hususan katika mji wa Cremona, alikofanya kazi Andrea Amati katika karne ya 16 na baadaye Antonio Stradivari. Lakini huku kwetu Waluo wana orutu, ala ya uzi mmoja isuguliwayo kwa upinde, nao Wakikuyu wana wandindi. Pwani nako, fidla imo katika taarab tangu zamani. Kundi la Siti binti Saad wa Unguja, lililosafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwenye santuri, lilikuwa na mpigaji fidla.

Aliyenikumbusha habari za orutu ni jirani yangu wa ghorofa ya pili, mzee mmoja kutoka Siaya. Alipobisha mlango jioni moja nilidhani amekuja kulalamika kuhusu kelele. Kumbe wapi! "Binti yangu," aliniambia, "mkono wako umekaza mno. Kwetu orutu ilipigwa na watu waliotoka shambani, mikono imelegea kwa uchovu. Legeza bega, uache upinde ujiendee."

"Ahsante, mzee," nilimjibu, nikalegeza bega. Sauti ilibadilika papo hapo.

Ugumu wa fidla haumo katika wingi wa nyuzi. Ni nne tu: G, D, A na E, kuanzia ule mnene. Gita lina vyuma shingoni vya kuonyesha mahali pa kila sauti, ilhali fidla haina. Kidole kikisogea kadiri ya unene wa punje ya mchele, sauti imeharibika, wala hakuna wa kukuambia ila sikio lako. Mkono wa kulia nao una kazi yake. Upinde umefungwa singa za mkia wa farasi, na singa hizo zisipopakwa rosini, yaani utomvu mkavu wa msonobari, huteleza juu ya uzi bila kutoa sauti ya maana. Ukiukandamiza sana, fidla hukoroma. Ukiulegeza sana, hunong'ona kama mgonjwa. Mwezi wa kwanza mzima mwalimu wangu, kijana anayesomea muziki chuo kikuu, hakuniruhusu kuweka kidole hata kimoja. Nilivuta upinde juu ya nyuzi tupu, polepole, mbele ya kioo cha kabati.

Mapenzi yalinijia mwezi wa nne. Niliweka kidole cha tatu juu ya uzi wa A, mahali panapotoa sauti ya D, na ghafla ala nzima ikavuma chini ya kidevu changu. Mwalimu alinionyesha sababu: uzi wa D ulio jirani, ambao sikuwa nimeugusa, ulikuwa ukitetema wenyewe. Kidole kikitua mahali hasa, uzi huo huitikia. Kikikosea kidogo, hunyamaza. Tangu siku hiyo sikuhitaji kuhimizwa. Vyombo vya chajio vilioshwa upesi ili niisikie tena ile "labeka" ya uzi wa jirani.

Lakini lililonigusa zaidi lilimhusu kifunguamimba wangu, aliyekuwa Gredi ya Tano. Msichana huyu alikuwa ameamini kwamba hana kichwa cha hesabu. Akikosea swali moja alifuta ukurasa mzima kwa hasira hadi karatasi ikatoboka, kisha akafunga daftari. Walimu walisema, babake alisema, nami nilisema, maneno hayakumwingia.

Kila jioni nilipiga fidla dakika 20, naye akiwa mezani na vitabu vyake, akisikia kila sauti mbovu niliyoitoa. Alisikia pia jinsi nilivyofundishwa kuzirekebisha. Huanzi wimbo upya kila unapojikwaa. Unachukua pale pagumu peke yake, unapapiga polepole mara tano au sita, kisha unapaunga na palipotangulia. Jioni moja nilimwona amekwama kwenye hesabu za sehemu. Hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya hatua aliyokosea, akaiandika upya pembeni, halafu tena. Alipoona namtazama akasema, "Mama, nami narudia pale pagumu tu." Nilijifanya nakaza uzi ili asiyaone macho yangu.

Sitadai kwamba sasa ndiye wa kwanza darasani, siye. Lakini daftari lake halina mashimo tena, na jibu likimkataa huuliza. Watoto wetu hutuona kila siku tukifanya mambo tuyajuayo tayari: kupika, kuendesha gari, kuamuru. Ni mara ngapi humwona mzazi akiwa mwanafunzi, tena dhaifu, ambaye hata hivyo hurudi kesho yake?

Ama kuhusu umri, Shinichi Suzuki wa Japani, ambaye mbinu yake ya kuwafunza watoto wadogo fidla imeenea duniani, alizaliwa mwaka 1898, na babake alikuwa na kiwanda cha fidla. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuanza kujifunza hadi alipokaribia miaka 17. Na wasemao ni ala ya matajiri waende Korogocho, Nairobi, ambako watoto wa mradi wa Ghetto Classics wamefunzwa muziki wa okestra.

Kwa anayetaka kuanza, usikimbilie ala ya bei kubwa. Yangu niliinunua ikiwa imetumika, nikailipia kidogo kidogo. Mpe mwalimu aikague kwanza, maana ufa kwenye ubao wa juu si jambo dogo. Mtoto asipewe ya mtu mzima, kwa kuwa fidla huundwa pia kwa vipimo vya robo, nusu na robo tatu. Mkaazi wa ghorofa atafute kibanio kidogo cha mpira kinachopachikwa penye daraja la nyuzi ili kupunguza sauti. Fauka ya hayo, dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi pekee.

Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Mzazi, iwe ni fidla, ushonaji au lugha mpya, chagua jambo usilolijua na ulianze sebuleni, wanao wakikutazama.