Jina la Pili Nani?

Katika chuo ninachofundisha hapa Uingereza, insha ya mwanafunzi hunifikia ikiwa na namba tu, bila jina. Nasahihisha, natoa alama, mwenzangu anapitia baadhi ya kazi hizo, kisha mtahini kutoka chuo kingine anaangalia kama tumetenda haki. Alama zikishaingizwa ndipo mfumo unapofichua kwamba namba ile ni ya binti wa Bradford au kijana wa Lagos. Vyuo vingi vya huku hufanya hivi kwa sababu vimekubali jambo ambalo sisi Wakenya hulikubali kibarazani na kulikana ofisini: msahihishaji ni binadamu, na jina humnong'oneza mambo.

Kwetu jina hunena kwa sauti kubwa zaidi. Ukijitambulisha kwa jina moja, utaulizwa, "Jina la pili nani?" Anayeuliza anataka kujua kwenu ni wapi, na pengine ulimpigia nani kura. Sisi watu wa Pwani wenye majina ya Kiislamu huwasumbua waulizaji kidogo, maana jina la pili halimalizi kazi. Basi huendelea: "Lakini haswa, nyinyi ni watu gani?"

Tuseme haki: kwenye mitihani hatuko nyuma sana. Karatasi zetu nazo huandikwa namba ya usajili, na watahini wa nje huja. Donda liko kwenye ajira. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ni sheria kali kuliko yoyote niliyoikuta huku. Lakini vyuo vikuu vya umma vilipoongezeka kwa kasi mwaka 2012 na 2013, kila eneo lilianza kukiona chuo cha jirani kama shamba la urithi. Septemba 2016 magavana wawili waliongoza maandamano mjini Eldoret kupinga uteuzi wa Profesa Laban Ayiro kuwa kaimu Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Moi. Walitaka mwenyeji. Mimi sikushangazwa na wanasiasa, hao ndiyo kazi yao. Nilishangazwa na wasomi walioniambia faraghani kwamba magavana wana hoja.

Mwaka huo huo Bunge lilibadilisha uchaguzi wa wanafunzi: badala ya kila mmoja kumpigia kura mwenyekiti, wachague wajumbe, na wajumbe ndio wachague baraza. Nia moja ilikuwa kuvunja miungano ya kikabila. Kwa maoni yangu dawa hiyo haikufika penye ugonjwa. Wajumbe wachache ni rahisi kuwapanga kuliko umati.

Ila kuna jambo moja ambalo kwetu tunalifanya vizuri bila hata kulipigia debe. KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, humchukua kijana wa Lamu ikampeleka Maseno, wa Turkana akajikuta Kilifi. Anapewa chumba pamoja na watu asiowajua. Muhula wa kwanza haujaisha, wanachanga unga, wanaazimana shati la kuvaa siku ya kuwasilisha mradi, na asiyepata kitanda analala mzungu wa nne na aliyepata. Wakati wa uchaguzi mkuu chumba hununa, kisha jiko huwashwa tena.

Hilo huku silioni. Kila mwanafunzi ana chumba chake, mlango umefungwa. Nikiwaambia wajigawe makundi ya kazi ya pamoja, Wachina huenda upande wao, Waingereza weupe wao, na msichana wa Kisomali hubaki akitazama simu kana kwamba ana ujumbe muhimu. Siku hizi nagawa makundi mwenyewe. Hunung'unika, lakini hufanya kazi. Namba inayoficha majina yao kwenye insha haikai nao mezani. Ripoti ya tume ya usawa ya hapa ya 2019 iligundua kwamba karibu robo ya wanafunzi wa jamii za walio wachache walikuwa wamenyanyaswa kwa sababu ya rangi au asili yao tangu waanze masomo, na wengi hawakuripoti. Sera wanazo, fomu wanazo, Sheria ya Usawa ya 2010 wanayo. Maprofesa weusi hata hivyo ni takribani mmoja katika kila mia.

Kwa hiyo sisemi tuige kila kitu. Urafiki wa chumbani haununuliki kwa sera, nao tunao. Tunachokosa ni utaratibu tu, na utaratibu hupatikana. Tayari tunamlipia profesa wa chuo kingine nauli na malazi aje ahakiki karatasi za wanafunzi, kwa sababu hatujiamini wenyewe. Kwa nini tujiamini tunapoajiri? Mwalimu mmoja aliyeajiriwa kwa jina la pili atasahihisha karatasi kwa miaka thelathini.

Wewe unayeketi kwenye baraza la chuo huko nyumbani, au una mjomba anayeketi humo, peleka pendekezo hili kwenye kikao kijacho: kila jopo la usaili liwe na watu wawili kutoka vyuo vya maeneo mengine, wenye kura, na alama za kila mwombaji zibandikwe hadharani kwa namba.