Kabla Hujatuma Taa za Pikapu Nyumbani

Sisi wa Kwale tunaoishi Ujerumani tumezoea kuagizwa vifaa vya magari, na siku hizi kinachoulizwa sana ni taa za mbele: balbu za LED, au taa nzima ya kufungwa kwenye pikapu ya jamaa anayebeba nazi na maembe kutoka Kombani kwenda Kongowea. Haja ni ya kweli. Usiku, barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga ina sehemu za giza totoro, na bodaboda nyingine hazina taa ya nyuma. Lakini kabla ya kulipia mzigo, kuna mambo ya kuangalia.

Huku gari hukaguliwa kila miaka 2. Ukitia LED isiyoidhinishwa kwenye taa ya halojeni, gari hupoteza kibali cha kutembea barabarani. Balbu ya kwanza ya LED kuruhusiwa mahali pa halojeni ilitoka 2020, nayo kwa magari yaliyoorodheshwa tu. Na kila Oktoba, tangu 1956, gereji hupima taa za watu bure.

Ukali huo una sababu. Balbu ya H4 ina nyuzi mbili, ya wati 60 kwa fulu na ya wati 55 kwa dimu, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachokata mwanga usipande. Taa nzima imechongwa kufuata mahali nyuzi hizo zilipo. LED ikikaa kando kidogo tu, mwanga hutawanyika: mbele ya bampa panang'aa, mbali hapaonekani, na anayekuja anapofuka.

Taa nzima ya Ujerumani ina hatari nyingine. Huku tunaendesha kulia, kwa hiyo dimu yake huinuka upande wa kulia. Ifunge Kombani, nayo itammulika machoni kila anayetoka Ukunda. Soma kioo chake: taa ya kuendeshea kushoto ina mshale unaoelekea kulia kwako ukiitazama kwa mbele. Yenye mshale wa pande zote mbili inafaa kotekote. Isiyo na mshale, iache.

Kwa upande wa umeme, mafundi wa nyumbani wananipa fahari. Pikapu ya kaka yangu ilivishwa LED, taa moja ikawa inachezacheza, na alama ya fulu kwenye dashibodi haiwaki. Gereji ya huku ingemwambia arudishe halojeni, basi. Fundi wa Kombani alitoa mita, akapima betri kisha soketi ya taa, akaona volti zinapotea njiani. Akafuata waya wa athi hadi kwenye bolti iliyoliwa na kutu ya hewa ya chumvi, akaipiga msasa, akaipaka grisi. Mchezo ukaisha. Alama ya dashibodi akaieleza vizuri: pikapu nyingi za Kijapani huwasha na kuzima taa kwa upande wa athi, na alama ile hutegemea umeme unaopita kwenye uzi wa balbu, uzi ambao LED haina. Dawa yake ni waya wenye relei uliotengenezwa kwa mfumo huo.

Kilichobaki ni kupima mwanga unapoangukia, na kazi hiyo haidai mashine. Simamisha pikapu mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, uwashe dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya kimo cha taa, unyooke kulia, uinuke kushoto. Ukizidi, kaza au legeza skrubu iliyo nyuma ya taa. Kisha pakia mzigo upime tena, kwa sababu nazi zikikalia nyuma, pua huinuka na dimu hugeuka fulu. Kama kuna kigurudumu cha 0 hadi 3 karibu na usukani, kimewekwa kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo ukituma taa, tuma na maelekezo haya, na umwombe jamaa yako asimlipe fundi kabla ya kipimo cha ukutani. Fundi anayeweza kuifukuza hitilafu hadi kwenye bolti moja hashindwi na ukuta.