Majina ya Makundi

Nalipokuwa mwanafunzi wa darasa la saba, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na orodha ya maneno ambayo kila Ijumaa asubuhi aliiandika ubaoni, nasi twaliinakili katika madaftari na kuikariri kwa sauti moja kama watoto wa chuoni. Yalikuwa majina ya makundi. Nyuki ni "swarm", kondoo ni "flock", ng'ombe ni "herd", samaki ni "school", simba ni "pride", na kunguru, Mungu apishie mbali, ni "murder", neno ambalo maana yake ya kila siku ni uuaji. Aliyekosea alichapwa kiboko kimoja kwa kila kosa. Mimi nalichapwa kwa ajili ya samaki. Akili yangu ilikataa kwamba samaki waweza kuwa shule. Nikaandika "group", nikanyoosha mkono.

Miaka mingi baadaye nalikutana na asili ya orodha ile, nikaingiwa na kicheko na uchungu kwa pamoja. Mengi ya maneno yale ya ajabu yamo katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1486 katika mji wa St Albans, Uingereza, kitabu cha waungwana kilichohusu uwindaji, ndege wa kuwindia na nembo za koo zao. Ndani yake mna majina ya makundi zaidi ya 100, na sehemu yake kubwa ni mzaha mtupu. Watawa wa kike wamepewa neno lenye maana ya wingi uliozidi haja, na wanawake wamepewa lile lile la mabata bukini, "gaggle", ambalo kulitamka tu ni kusikia kelele zao. Basi nalichapwa kwa kutojua utani wa watu waliokufa zaidi ya karne nne kabla sijazaliwa! Tena ile "school" ya samaki si shule hata kidogo. Ni neno jingine lililotoka upande wa Uholanzi, ndugu wa "shoal", likafanana na la shule kwa herufi tu.

Sitaki kuwadhulumu wenye lugha yao. "Swarm", "herd" na "flock" ni maneno ya kazi, kama sisi tulivyo na bumba la nyuki, tita la kuni na mkungu wa ndizi wenye chane zake. Mtu hawezi kwenda sokoni akaagiza kundi la ndizi asichekwe. Hata mzaha mwingine umepata kazi ya halali. Wataalamu waliowachunguza simba wa Serengeti hutumia "pride" kwa maana iliyo wazi: majike wenye udugu wanaoishi katika eneo lao pamoja na watoto wao, na madume ambao huja wakakaa nao kwa muda, kisha wakaondoka au wakafukuzwa. Lakini mtaalamu wa ndege anayeandika juu ya kunguru husema "flock" tu. "Murder" amewaachia watunga mafumbo na walimu wenye viboko.

Jambo lenye uzito katika majina haya ni matumizi yake katika sentensi, na hilo mwalimu wetu hakulifikia. Mwingereza akitaja "committee", "family", "government" au "team", ana hiari ya kulifuatishia neno hilo kitenzi cha umoja au cha wingi. Akiliona kundi kuwa kitu kimoja, husema "the committee has decided". Akiwaona wajumbe mmoja mmoja, kila mtu na kauli yake, aweza kusema "the committee have decided". Na kama hawakuafikiana, husema "the committee were divided". Mmarekani aghalabu hushika umoja. Neno "police" halina hiari hiyo: huko kote ni la wingi. Kwa hiyo katika kitenzi kidogo namna ile limo swali kubwa, yaani msemaji anazungumza juu ya kitu au juu ya watu.

Kiswahili chetu kina sheria iliyo kali zaidi. Kamati imeamua, umati umetawanyika, kundi limepita, hata kama ndani yake wamo watu elfu. Walakini msikilize mtu yeyote akisimulia: "Kamati ilikutana jana, wakabishana mpaka usiku." Sentensi haijafika nukta, na watu wamekwisha kutoka ndani ya jina lao. Nalipoanza kufundisha nilikuwa nikipiga mstari mwekundu chini ya "wakabishana". Siku hizi sipigi. Tazama pia neno jamaa, ambalo katika Kiarabu ni kundi. Twasema jamaa nzima imehama, twasema jamaa zangu wamehama, na twasema jamaa huyu amesimama mlangoni. Neno moja limekuwa nyumba nzima, na tena limekuwa mtu mmoja.

Nayaandika haya kwa sababu ninalo deni. Zamani nalikuwa katibu wa kamati ya shule moja ambayo sitaitaja. Usiku mmoja liliibwa bando la mabati, na mlinzi alikuwa amelala. Tulikuwa wajumbe saba. Wanne walitaka afukuzwe. Watatu tulisema aonywe, kwa kuwa mtoto wake alikuwa mgonjwa na siku tatu hizo alikuwa akikesha mchana pia, hospitalini. Wanne wakatushinda, kama ilivyo desturi ya kamati. Barua za ofisi ile ziliandikwa kwa Kiingereza, nami nikaandika, bila ya kalamu kusita, "The committee has decided". Nalijivunia usahihi wake. Wale watatu walipotelea ndani ya neno, na mimi nikiwa mmoja wao.

Kesho yake mlinzi alikuja na barua mkononi. Alikuwa na umri wa baba yangu. Alikuwa amesomewa na kufasiriwa na kijana wa jirani, naye hakuridhika.

"Mwalimu," akasema, "nimeambiwa kamati ameamua. Huyu kamati ni nani, nikamwombe?"

Nalijua majina yote saba. Nalijua na nyumba zao. Ningaliweza kumwambia kwamba wawili katika wale wanne ni watu wepesi wa kusikia, na kwamba mimi mwenyewe sikukubali.

"Mzee wangu," nikamjibu, "ni sisi sote."

Akaikunja barua mara nne, akaitia katika mfuko wa shati, akanishukuru, akaenda zake.