Jogoo Mgeni katika Nchi ya Teso

Msafiri atokaye Kampala hununua kuku wa kuchoma pale Namawojjolo, huvuka Mto Nile mjini Jinja, hupita Mbale na Kumi, kisha huuona mwamba mkubwa wa Soroti. Hiyo ndiyo tambarare ya Teso, nchi ya mtama, ulezi na karanga. Ng'ombe wengi wa huko waliporwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo mgeni asishangae akimkuta mama akiwahesabu kuku wake kila jioni. Humo mna sare ya mtoto na dawa ya mgonjwa.

Mnamo mwaka 2010 Uganda ilianza kuijaribu mbegu ya kuku kutoka India, iitwayo Kuroiler. Jogoo wake hukua upesi, tena ni mzito kuliko wa kienyeji, lakini koo wake ni nadra kuatamia. Basi wako wafugaji wanunuao jogoo tu, kazi ya kulea wakawaachia koo wa nyumbani.

Hapo ndipo penye hatari. Jogoo wa sokoni aweza kuja na mdondo, na maradhi hayo huweza kulimaliza kundi zima kwa siku chache. Mfugaji mwangalifu humtenga mbali kwa majuma mawili au zaidi, humpa chombo chake cha maji, na humhudumia mwisho, baada ya wenyeji. Nao wenyeji huwa wamekwisha kuchanjwa kwa tone la jichoni, chanjo irudiwayo kila miezi mitatu au minne.

Baadaye mgeni hufunikwa tenga katikati ya ua kwa siku kadhaa. Koo humzunguka, humdonoa matunduni, mwisho huchoka. Hufunguliwa usiku, kuku wakiwa wamelala, maana gizani hawagombani.

Asubuhi fujo huanza! Koo wakubwa wana vyeo vyao vya zamani. Kijana wa miezi mitano, hata awe mrefu namna gani, hufukuzwa penye chakula kama mwizi. Kwa hiyo chakula huwekwa mahali pawili, na mfugaji haingilii ila aonapo damu, kwani kuku wakiiona hawaachi kudonoa. Jogoo mmoja huwatosha koo kumi, lakini kwanza wamkubali.

Hata siku moja huokota kumbikumbi, asimmeze. Huita kwa sauti ya chini, humweka mchangani, na koo mkuu huja akamla.