Vijito vya Nyamarambe na Viumbe Vyake

Nyamarambe ni mji wa soko katika Mugirango ya Kusini, mahali ambapo vilima vya Kisii huanza kushuka kuelekea nchi ya Wajaluo. Juu, upande wa Nyamira, mkulima ni mtu wa chai. Huku chini ni ndizi, mahindi, miwa na kahawa, na upande wa Tabaka wapo mafundi wa mawe ya sabuni ambao kazi yao ya kuchonga yajulikana hata Ulaya. Udongo ni mwekundu na wenye rutuba. Mvua katika sehemu nyingi za nchi ya Kisii hupita milimita 1,500 kwa mwaka, nayo huja kwa majira mawili, kubwa baina ya Machi na Mei, na ndogo kuanzia Septemba.

Kwa sababu ya mvua hiyo na miteremko hiyo, hakuna bonde lisilo na kijito. Vyote hatimaye huingia mto Gucha, ambao hutoka katika milima ya Kiabonyoru huko Nyamira, ukapita Ogembo, ukazunguka vilima vya Mugirango na kutokea kwa Wajaluo, ambao huuita Kuja. Jina hubadilika mpakani, lakini maji ni yale yale, na kila kilichomo katika maji hayo huvuka mpaka pamoja nayo bila kuulizwa kitambulisho.

Watu wengi huviona vijito hivi kuwa maji tu, ya kuteka, ya kufulia na ya kunyweshea ng'ombe. Lakini kijito kizima kina wakazi wengi kuliko kijiji. Mtu akiinua jiwe katika maji yaendayo kasi penye kivuli ataona vidudu bapa vyenye mikia mitatu vikikimbilia upande wa chini wa jiwe. Atamwona pia funza ajijengeaye nyumba kwa chembe za mchanga, akaishi ndani yake kama konokono. Na mtoto wa kereng'ende, mwenye sura ya kutisha, ambaye huwinda wenziwe huko chini kwa miezi mingi kabla hajaota mabawa. Wapo kaa wa mtoni, ambao jike lao hubeba mayai na hata watoto chini ya tumbo lake mpaka waweze kujitegemea. Wapo vyura, visamaki vidogo, na kambare katika vidimbwi vyenye kina.

Chakula cha jamii hii yote hutoka sehemu kubwa nje ya maji. Jani la mkuyu likianguka mtoni huoza kidogo, kisha kaa na funza hulitafuna. Mabaki yao huliwa na vidudu vidogo zaidi vya huko chini. Vidudu huliwa na samaki. Kwa hiyo mti ulio ukingoni ni ghala la kijito, na tena ni paa lake. Wataalamu waliochunguza vijito vya milimani vinavyoulisha mto Mara waliandika mwaka 2014 kwamba vile vipitavyo msituni vilikuwa na viumbe vitafunavyo majani kwa wingi kuliko vile vipitavyo mashambani, na kwamba maji ya mashambani yalikuwa ya moto zaidi. Hilo la joto si jambo dogo. Maji ya digrii 25 hushika oksijeni pungufu kuliko maji ya digrii 15 kwa karibu sehemu moja katika tano, na mdudu wa maji baridi hana pa kwenda kupunga hewa.

Sasa na tutazame mvua ya Aprili inavyofanya. Tone likianguka juu ya shamba lililolimwa na kuachwa wazi hupasua chembe za udongo. Maji hukosa njia ya kuzama, huanza kutiririka, na kila hatua hukusanya nguvu. Mkulima aliyelima kwa kufuata mteremko amemtengenezea mwizi njia. Hata hivyo si haki kumlaumu mkulima peke yake. Barabara za murram na vijia vya miguu hutoa matope mengi ajabu, kwa kuwa zimeshindiliwa na hazinywi maji, na mitaro yake mara nyingi huelekezwa moja kwa moja mtoni. Mwenye shamba zuri la matuta aweza kuona kijito chake kimekuwa chekundu kwa ajili ya mtaro wa barabara ambao hakuuchimba yeye.

Udongo ukifika mtoni haupiti tu. Ule mwembamba huziba nafasi zilizo baina ya mawe, ambazo ndizo nyumba za vile vidudu, na huyafunika mayai ya samaki hata yakakosa oksijeni. Huganda pia katika mashavu ya samaki na katika vile vinyweleo ambavyo vidudu hupumulia. Msimu ukipita, mahali palipokuwa na kokoto huwa tope tupu, na jamii hubadilika: waliopenda maji maangavu hutoweka, wakabaki minyoo myekundu na funza wa viluwiluwi vya mbu wasiouma, ambao huweza kuishi mahali pabaya. Kijito hicho huonekana kina uhai bado, lakini ni kama mji uliohamwa na wenyewe ukabaki na panya.

Pamoja na udongo huenda mbolea. Mbolea ya kupandia mahindi, ikisombwa kabla mmea haujaila, hulisha ukungu wa kijani mtoni, nao ukioza hula oksijeni ya viumbe vingine. Maganda ya kahawa na maji ya kumenyea buni hufanya vivyo hivyo, kwa haraka zaidi. Tena wapo wanaosuuza mabomba ya kunyunyizia dawa katika kijito kwa kuwa ndipo maji yalipo. Dawa nyingi za leo za kuulia wadudu wa mboga na kupe hazimdhuru sana ng'ombe, lakini kwa wadudu wa majini na kaa ni sumu kali hata zikiwa kidogo mno. Suuzo la bomba moja laweza kuua kilichokuwa kikiishi katika vidimbwi kadhaa vya chini yake. Hali kadhalika vijana wa piki piki huziosha mtoni, na mafuta yao huelea juu ya maji yatakayotekwa na mama wa jirani muda mfupi baadaye.

Halafu kuna habari ya mabonde yenye maji. Zamani kila kijito kilikuwa na kinamasi chake cha matete na mafunjo, kilichoyapokea maji machafu ya mvua, kikayachuja, na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi. Vingi vimechimbwa mitaro na kufanywa mashamba, vingine vimekuwa mashimo ya kufyatulia matofali, na vingine vimepandwa mikaratusi. Mti huo uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za treni, na hapana ubishi kwamba ni mti wa faida: hutoa nguzo, mbao, na kuni za viwanda vya chai, na hukua upesi hata mzee akaweza kuuza alichokipanda mwenyewe. Lakini hunywa maji sana, na jani lake gumu lenye mafuta si chakula kipendwacho na watafunaji wa mtoni. Mikaratusi yafaa kilimani. Aliyeupanda kwenye chemchemi amefanya biashara na mtu atakayemnywea mtaji.

Katika nchi hii hii yapo mambo ya zamani yanayoonyesha jinsi kijito kinavyoweza kubadilika kwa upesi. Katika miaka ya 1940 mabonde ya Riana na Kodera, yaliyo karibu na mpaka wa Kisii na Wajaluo, yalikuwa na ugonjwa wa usubi, ambao huwasha ngozi na mwisho huweza kupofusha macho. Uliletwa na inzi mdogo aumaye, nao wataalamu walimtafuta funza wake mitoni kwa miaka bila kumpata. Walitazama juu ya mawe na majani, hakuwapo. Mnamo mwaka 1950 ndipo ilipotangazwa alikokuwa amejificha: juu ya gamba la kaa. Alijibandika huko akabebwa na kulishwa na maji yapitayo, kama abiria asiyelipa nauli.

Inzi huyo alishindwa kwa njia mbili. Huko Kodera, mwaka 1946, dawa ya DDT ilitiwa majini, akaangamia. Na kabla miaka ya 1950 haijaisha njia hiyo ilikuwa imemfuta katika Kenya. Lakini katika bonde la Riana vichaka vya kando ya mto vilifyekwa, naye inzi akatoweka. Habari hizo ziliandikwa mwaka 1951. Watu walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru, maana macho ya mtu ni bora kuliko kichaka. Lakini mwenye kufikiri ataona jambo jingine. Kukata vichaka tu, pasipo sumu, kulitosha kumwondoa kiumbe katika mto. Kama kivuli kikiondoka na inzi huondoka, basi na wengine wapendao kivuli hicho hicho huondoka, ingawa hakuna mganga aliyekuwa akiwahesabu.

Matope ya Mugirango hayakai Mugirango. Mwishoni mwa miaka ya 1950 palijengwa bwawa kwenye maporomoko ya Gogo katika mto Kuja ili kuupatia umeme mgodi wa Macalder. Mitambo yake ilikuwa ya megawati 2. Mgodi ulifungwa katika miaka ya 1960, bwawa likabaki, nalo limejaa udongo kiasi cha kupungukiwa na nafasi ya maji. Udongo huo ni mashamba ya watu wa juu, yamelala pale chini. Mbele zaidi, katika tambarare za Nyatike, mto hupanda kingo na kuingia nyumbani mwa watu mara kwa mara.

Huko chini pia kuna habari ya ningu. Samaki huyu hukaa ziwani, na mvua kubwa zikija huingia mitoni kama Kuja na Nzoia ili kutaga mayai katika maji ya mafuriko. Wavuvi wa Nyanza walimtega kwa migono na wigo, na majira yake yalikuwa majira ya shibe. Katika miaka ya 1950 na 1960 alipungua sana. Kosa kubwa la kwanza ni la nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito, zikawakamata majike kabla hawajataga. Lakini wale waliosalia hukuta mto wenye matope na kingo zilizolimwa mpaka majini, na hiyo si nyumba ya kurudia.

Kwa nini basi mkulima asiache ukingo? Sheria ya mwaka 2006 juu ya ubora wa maji ilisema hatua za kulima zisikaribie mto kwa mita 6 kwa uchache na hadi mita 30, kupimwa kutoka mahali maji yafikapo wakati wa mafuriko. Sheria ni nyepesi kuandikwa. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 950 katika kila kilomita moja ya mraba. Tuseme mtu amerithi nusu eka, na upande mmoja wa mita 40 umepakana na kijito. Akiacha mita 6 ametoa mita za mraba 240, karibu sehemu moja katika nane ya urithi wake. Akiambiwa aache 30 ametoa zaidi ya nusu. Wala ng'ambo ya pili jirani yake halimi pungufu. Aachapo mmoja, mwingine husogea.

Hii ndiyo sababu maneno ya kuamuru peke yake hayafui dafu hapa. Lililo jepesi zaidi kukubalika ni ukingo unaolipa. Majani ya nepia yakipandwa mstari wa juu hushika udongo na kumlisha ng'ombe wa maziwa, ambaye watu wengi wa Nyamarambe wanaye. Na mstari wa chini, ulio karibu na maji, ukipewa mikuyu na mizambarau mwitu michache, kijito hupata paa na chakula chake. Mifereji ya kukingia maji ikichimbwa kwa kufuata kimo cha mlima hupunguza matope kabla hayajafika huko. Kazi ya mitaro ya barabara ni ya wenye barabara, na vyama vya watumiaji maji, vilivyoruhusiwa na sheria ya maji ya mwaka 2002, vina haki ya kuwadai.

Anayetaka kujua hali ya kijito chake hahitaji chombo chochote. Na aende mwezi wa Januari, maji yakiwa machache na maangavu, achague mahali penye mawe na mkondo, ageuze mawe kumi, kisha ayarudishe kama yalivyokuwa. Vidudu vyenye mikia mitatu, nyumba za mchanga na kaa wadogo wakiwapo katika mengi, kijito hakijafa. Akikuta minyoo myekundu tu, na aende hatua 200 juu, ageuze mawe mengine kumi, aendelee kupanda hivyo mpaka awaone. Mahali wanapoanzia kuonekana, madhara yako chini tu ya hapo: mtaro, shimo la matofali, au bomba la dawa lililosuuzwa.